Mlango Chini ya Ngazi Kumi

Inspekta aliweka karatasi mbili za maelezo juu ya meza, moja kushoto na nyingine kulia, kisha akazinyoosha kingo kwa rula ndefu ya mbao. Kituo kizima kilimjua kwa rula hiyo. Nyuma ya mgongo wake walimwita Mama Rula. Mbele ya uso wake walimwita afande na kusimama wima.

Karatasi zote mbili zilitoka kwa mtu mmoja na zilihusu jambo moja. Wiki tisa zilizopita, saa kumi na mbili jioni, mke wa fundi mmoja mstaafu wa kutengeneza vyerehani aligongwa na gari mbele ya lango la nyumba yake, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Aliyemgonga alikimbia.

Maelezo ya kwanza yaliandikwa siku iliyofuata. Fundi alikuwa amesema: “Nilikuwa ndani. Nilisikia gari, kisha nikasikia kishindo. Nilipotoka niliona taa mbili nyekundu zikiishia kwenye kona. Gari lenyewe sikuliona.”

Ya pili yaliandikwa wiki sita baadaye. Mtu yuleyule sasa alisema: “Niliona gari la buluu. Mlango wake wa buluu, wenye kitasa cha shaba, ulifunguka. Dereva akashuka, akamtazama mke wangu, akarudi garini, akaondoka.”

Kwa nguvu ya karatasi hii ya pili, dereva mmoja wa teksi, mwenye gari la buluu lililobonyea mbele, alikuwa mahabusu kwa siku ya kumi na tisa. Kesho saa tatu asubuhi angesimama mbele ya hakimu, na baada ya hapo shauri lingetoka mikononi mwa Inspekta. Mwenye kusema neno alikuwa na leo tu ya kulisema.

“Afande, hayo umeyasoma mpaka wino umechoka,” alisema sajini, akiweka kiti chake karibu na dirisha alikopenda kupigwa na upepo.

“Gari gani lina kitasa cha shaba, sajini?”

“Labda mwenyewe analipamba. Madereva wa teksi hao! Ukiwaachia, gari watalivika hata hereni.”

“Nimelizunguka mara tatu pale uani. Vitasa vyake ni vya plastiki, vyeusi, na kimoja kimefungwa kwa waya.”

Sajini alikuna kidevu. “Basi mzee kakosea kitasa. Lakini gari kalikumbuka. Akili ya mfiwa ni kama maji yaliyovurugwa, afande. Yakitulia, unaona mpaka chini.”

“Unaona kilichokuwamo, na kilichotumbukizwa baadaye unakiona vilevile.” Inspekta aliisogeza ncha ya rula hadi kwenye mstari wa mwisho wa karatasi ya pili, ulioandikwa kwa herufi ndogo za mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. “Soma hapa.”

Sajini aliinama, akasoma kwa sauti: “Shahidi anasema haya aliyakumbuka akiwa kwa mshauri wa kutuliza fahamu.” Aliinua uso. “Hii nani aliiandika?”

“Wewe.”

Sajini alirudi dirishani kutafuta upepo.

Katika ukumbi wa nje, kwenye benchi la wageni, alikaa mke wa dereva wa teksi. Alikuja kila siku saa hiyohiyo, akiwa na mfuko wa plastiki mapajani.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba. Leo umeleta nini?”

“Shati. Kesho anakwenda kwa hakimu, sitaki aende ananuka mahabusu.”

“Lile bonyeo la mbele ya gari...”

“Nimelieleza mpaka ulimi umeota sugu! Aligonga nguzo ya lango letu. Nguzo imeinama mpaka leo, mbuzi wa jirani anaikunia mgongo.”

“Tuliiona. Ina mkwaruzo wa rangi ya buluu.”

“Basi mnamshikia nini?”

“Kuna mtu anasema alimwona.”

“Na mimi nasema saa hiyo alikuwa mezani kwangu, anakula. Lakini mimi ni mke. Mke hapimwi kama shahidi. Anapimwa kama sahani, ipo mezani lakini haisemi.” Aliukunja mdomo wa mfuko, akaukunjua, akaukunja tena. “Nenda mama, nenda kazini kwako. Mimi nipo.”

Chumba cha mshauri kilikuwa juu ya duka la miwani. Ndani mlikuwa na kiti kirefu cha kulalia, blanketi la sufu lililokunjwa pembe kwa pembe, sanduku la karatasi za kufutia machozi, na saa ya ukutani isiyotoa mlio. Kiti cha pili, cha mshauri mwenyewe, kiliwekwa kando kidogo, mahali ambapo mteja angeisikia sauti bila kumwona msemaji.

Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, iliyonyooka kama uzi wa timazi.

“Habari za leo, daktari...” alianza Inspekta kwa kumsalimu.

“Usiniite daktari, dada. Daktari ana sindano. Mimi nina kiti, blanketi na mdomo.”

“Watu wanasema unawalaza watu na kuwatawala akili.”

“Watu husema. Mmoja alinijia akiwa ameficha saa yake ya mkononi soksini, nisije nikaizungusha mbele ya macho yake nikamlaza.” Alitabasamu kidogo. “Halali mtu hapa. Namwambia apumue, alegeze bega, alegeze taya, nahesabu polepole. Fahamu zinatulia, kama unavyozama kwenye hadithi mpaka husikii chungu kikiungua. Ananisikia muda wote. Akitaka kuinuka, anainuka. Wengi wanaokuja ni wenye msongo wa mawazo: mwalimu anayetapika kila Jumatatu, muuguzi asiyepata usingizi. Sitibu saratani wala sirudishi wapenzi. Nawasaidia wapumzike, basi.”

“Na hawezi kulazimishwa kusema siri yake?”

“Hawezi.”

“Je, anaweza kusema jambo ambalo halikuwapo?”

Mshauri alilinyoosha blanketi ambalo halikuwa na kombo.

Inspekta alitoa barua. Fundi mwenyewe alikuwa ameridhia kwa maandishi kwamba polisi wasikilize rekodi zake, akiamini kwamba zingeupa uzito ushahidi wake. Mshauri alikuwa na desturi ya kumrekodia kila mteja kila kikao, ili akasikilize nyumbani. Alizileta rekodi zote kwenye kompyuta ndogo, zimepangwa kwa tarehe. Inspekta alipenda jambo hilo, akaliandika.

Walizisikiliza kwa mfuatano. Katika kikao cha kwanza sauti ya fundi ilikuwa kavu. Alisema kwamba tangu maziko hajalala zaidi ya saa moja kwa mkupuo. Mshauri alimfundisha kupumua kwa tumbo. Katika cha pili alisema amelala saa tatu. Katika cha tatu alicheka mara moja, kicheko kifupi kama cha mtu aliyeokota kitu alichodhani amekipoteza.

“Hii ni kazi njema,” alisema Inspekta.

“Ahsante.”

Kikao cha nne kilianza kwa fundi kuomba. “Mama mshauri, nisaidie nimwone. Nimwone aliyefanya. Nikimwona nitalala.”

Sauti iliyonyooka ya mshauri ikaanza kumteremsha. “Unashuka ngazi. Ngazi ya kumi... ya tisa... unazidi kutulia... ya pili... ya kwanza. Umefika chini. Mbele yako kuna mlango wa buluu. Una kitasa cha shaba. Ukiufungua, upande wa pili ni jioni ile.”

Inspekta aliinua kalamu. Mshauri, kwenye kiti chake, aliishika mikono yake miwili kati ya magoti.

Sauti ya fundi ilikuja kwa mbali: “Naona... buluu.”

“Buluu. Ni gari?”

“Ni... ndiyo. Gari.”

“Dereva yumo?”

“Mlango unafunguka.”

“Anashuka?”

“Anashuka. Anashuka! Nimemwona, mama mshauri. Nimemwona!” Na mzee akalia kwa furaha, kilio ambacho wanawake wale wawili walikisikiliza hadi mwisho bila kutazamana.

Rekodi ilikoma. Chini, dukani, mtu alikuwa akisomeshwa herufi za ukutani, moja baada ya nyingine.

“Mlango huo unautumia kwa fundi peke yake?” aliuliza Inspekta.

“Kwa kila mtu.” Mshauri aliongea akitazama sakafu. “Ni mlango wa nyumba ya bibi yangu. Ndipo mahali pangu pa amani, nikafikiri na wengine watatulia hapo. Upande wa pili huwa bustani, au ufuo, chochote anachokipenda mteja. Siku ile... aliniomba. Wateja wangu wote wanataka kulala. Yeye peke yake alinihitaji kwa jambo kubwa kuliko kulala.”

“Ulijua kwamba haifai kuuliza hivyo?”

“Tulifundishwa. Ukimuuliza mtu aliyetulia kiasi kile ‘ni gari?’, umemkabidhi gari. Lakini aliniambia ‘nimemwona’ kwa sauti ile, dada, nami nikaamini. Nilitaka kuamini.”

“Rekodi ya kikao hiki alikwenda nayo nyumbani?”

“Aliisikiliza kila siku. Aliniambia mwenyewe.”

Inspekta alihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Kati ya kikao cha nne na siku ya maelezo ya pili zilipita siku kumi na mbili. Mzee alikuwa ameshuka ngazi zile na kufungua mlango ule mara kumi na mbili kwa uchache, peke yake nyumbani, na kila mara dereva alishuka.

Nyumba ya fundi ilikuwa nadhifu kwa namna ya nyumba inayosafishwa na mtu asiye na kazi nyingine. Vyerehani vitano vilipangwa ukutani, vimefunikwa kwa vitambaa. Mezani palikuwa na viti viwili, na juu ya kimoja paliwekwa rundo la vitabu, ili kisionekane kitupu. Fundi alilihamisha rundo hilo kwa haraka ya mtu aliyesahau taratibu za kupokea wageni.

“Kaa, mama, kaa. Chai ipo. Sukari mbili? Huku siku hizi anakuja mpimaji wa umeme tu, na yeye haingii ndani.” Akamimina vikombe viwili mpaka vikafurika kwenye visahani. “Ni habari za kesho, eh? Shati nimepiga pasi. Nitasimama pale nitamwonyesha kwa kidole.”

Inspekta alimweleza kwa utaratibu, hatua kwa hatua, jinsi mwalimu aelezavyo hesabu ya kugawanya: maelezo ya kwanza, ngazi, mlango, swali, jibu. Kisha akamchezea kipande cha rekodi.

Fundi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande. Rekodi ilipokwisha alikuwa amekiweka kikombe chini.

“Unataka kumuua mke wangu mara ya pili.”

“Sitaki hivyo, mzee wangu.”

“Nilimwona! Hata sasa nikifumba macho namwona. Unaniambia macho yangu ni ya nani?”

“Mzee, gari lilikuwa limekwisha kufika kwenye kona ulipotoka. Ulisema mwenyewe, siku ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kukutuliza. Siku ile ulisema kwanza ‘nilisikia’. Sisi tukaandika ‘sikuliona’, tukafunga daftari. Hakuna aliyekuuliza ulisikia nini.”

Vidole vya fundi, vyeusi kwenye ncha kwa mafuta ya miaka arobaini, viligonga meza mara mbili.

“Cherehani ikiingia mlangoni,” alisema hatimaye, “sihitaji kuifungua. Nasema zungusha, naisikia, nakwambia: meno yameliwa, au mkanda umelegea. Mke wangu alikuwa akinitania, eti nitamsikia mpaka anavyofikiri.” Aligeuza uso kuelekea lango. “Gari lile lilikuwa la dizeli. Lilikuwa na mkanda unaopiga mluzi, mluzi mwembamba, kisha linatulia, kisha tena. Na kitu kimelegea chini kinagonga. Nilimwambia yule kijana wenu aliyeandika siku ya kwanza.”

“Hakuandika.”

“Aliniambia, ‘Mzee, tunataka rangi.’”

“Na siku ya utambuzi, ulipoonyeshwa teksi ile pale uani?”

“Hamkuiwasha,” alisema fundi.

Saa tisa alasiri, kwenye ua wa kituo, Inspekta alimkalisha fundi kwenye kiti, akamgeuza uso kwa ukuta. Nyuma yake yalipangwa magari matano: la mkuu wa kituo, la mwuza gesi aliyesimamishwa barabarani na kuombwa kwa adabu, teksi ya buluu, la kubebea mahabusu, na pikapu ya sajini. Mpangilio aliuandika Inspekta kwenye karatasi, akaifunga katika bahasha na kuipiga lakiri kabla fundi hajafika. Sajini angeyawasha moja baada ya jingine, na hakuruhusiwa kusema neno.

Mke wa dereva alikuja akasimama kwenye kizingiti cha ukumbi na mfuko wake. Hakuna aliyemfukuza.

La kwanza likanguruma.

“Petroli. Plagi moja imekufa,” alisema fundi akielekea ukuta. “Silo.”

La pili.

“Dizeli, lakini jipya jipya. Halina mluzi. Silo.”

La tatu.

Hapo aliinamisha kichwa upande uleule kama alipokuwa mezani kwake. Mke wa dereva aliushika mfuko kwa mikono miwili.

“Petroli,” alisema fundi. “Linatunzwa hili. Mwenyewe analisikiliza. Silo kabisa.”

La nne na la tano nayo hayakuwa lenyewe. Juu ya la tano aliongeza, “Hilo mwenye nalo amwogope Mungu, alipeleke kwa fundi,” na sajini akazima pikapu yake akitazama viatu.

Inspekta aliifungua bahasha mbele yao wote, akaisoma kwa sauti.

“La tatu ni teksi ya buluu.”

Fundi aligeuza kiti mwenyewe. Aliliona gari, kisha akamwona yule mwanamke kizingitini. Alijua ni nani bila kuambiwa. Mwanamke hakumsogelea wala hakumshukuru. Aliinamisha tu kichwa, kama mtu anayempisha mwenziwe mlangoni.

Walirudi ofisini. Inspekta alitandaza karatasi mpya. Mbele ya neno “mtuhumiwa” aliandika “hajulikani”, akaieleza maana yake: kesho mwendesha mashtaka angepewa maelezo haya kabla hakimu hajaketi, dereva angekwenda nyumbani, nao polisi wangeanza upya, safari hii kwa kutafuta dizeli lenye mkanda mbovu.

“Mtalipata?” aliuliza fundi.

“Tutalitafuta.”

“Sikuuliza hilo.”

“Sijui, mzee.”

Fundi aliishika kalamu, akaiweka tena chini. “Kila asubuhi nilikuwa na mtu wa kumlaani. Naamka, namlaani, napata nguvu ya kuchemsha maji. Nikisaini hapa, kesho naamka na nani?”

Sajini alitoka nje polepole, akauvuta mlango nyuma yake.

“Kuna jambo jingine,” alisema fundi. “Liandike.”

“Linahusu gari?”

“Halihusu. Liandike hata hivyo. Mama mshauri hakuniuliza, na kule chini kwenye ngazi zake sikulisema. Mahakama haitaniuliza. Na nyumbani hakuna wa kuniuliza.”

Katika miaka yake ishirini na saba ya kazi, Inspekta hakuwahi kuandika katika maelezo ya shahidi neno lisilohusu shauri. Alifunua ukurasa, akaandika alivyoambiwa. Alipomaliza, kwa mujibu wa utaratibu, alimsomea shahidi maneno yake mwenyewe ili ayathibitishe.

“‘Jioni ile mke wangu aliniambia twende wote dukani. Mimi nilikuwa na cherehani mezani. Nikamwambia, tangulia, nakaza skrubu moja, nakuja.’ Ni sahihi, mzee?”

Fundi alitikisa kichwa.

“Mbili,” alisema. “Zilikuwa skrubu mbili.”

Inspekta alifuta, akaandika mbili, akamsogezea karatasi. Fundi akasaini.